Shemeji Aliyeshusha Upinde

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja aliyeoa kwa wawindaji. Mnacheka, ndugu zangu, lakini mwenzenu alikuwa taabuni. Ukioa kwa wafugaji utazoea harufu ya zizi, na ukioa kwa wakulima wa mpunga utazoea kulowa. Huko alikooa yeye, kwenye nchi ya miombo na vijito vyembamba, mkwe hakuhesabiwa mtu mzima mpaka alete nyumbani mnyama aliyempiga kwa mkono wake mwenyewe.

Na hilo angelivumilia, kama si jambo moja. Mtoto akizaliwa, ile siku ya kumtoa nje, baba ndiye hulitamka jina lake mbele ya watu. Lakini baba ambaye hajawahi kuleta mnyama hana ruhusa hiyo. Jina husemwa na mjomba wa mtoto, kaka wa mke. Baba amekaa pale pale kwenye mkeka, mdomo anao, meno yote anayo, na mtoto wake anaitwa na mtu mwingine. Hebu niambieni akina baba, hasa ninyi mnaopenda kukaa karibu na mlango ili mtoke mapema, mngekubali?

Yeye hakukubali. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mtoto mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na siku ya kumtoa nje ilikuwa karibu. Msimu wa kuwinda ulikuwa umefunguliwa na kibali cha kijiji kimetoka. Basi akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, akamwomba amfundishe upinde.

Sasa huyo shemeji. Alikuwa mwindaji hodari, hakuna aliyebisha, lakini alikuwa mzito ajabu. Mzito wa kuinuka, mzito wa kula, mzito wa kujibu. Ukimuuliza jambo, kwanza anavuta ugoro, halafu anapiga chafya, halafu anakuuliza ulisema nini. Fundi yeye alikuwa mtu wa haraka, amezoea kuziba pancha huku mwenye baiskeli amesimama anamhimiza. Tangu siku ya kwanza alimwona shemeji yake kama gurudumu lililopungua upepo.

Siku nyingi walilenga gunia la pumba nyuma ya nyumba, mpaka fundi akawa halikosi. Ilipofika asubuhi ya kutoka, alikuja ameoga kwa sabuni ya kunukia na shati limepigwa pasi. Shemeji alimtazama toka juu mpaka chini, akamuuliza kama anakwenda kuwinda au kuposa mke wa pili. Akamrudisha ndani akavae lile koti lake kuukuu la rangi ya udongo mwekundu. Na walipofika porini akaokota kinyesi cha kulungu, akakiponda na tope, akampaka koti zima, mgongo na mikono, kwa sababu mnyama huanza kukujua kwa pua kabla ya macho. Fundi akafumba macho akavumilia. Alikuwa akimfikiria binti yake.

Njiani shemeji alimpa maneno ya mwanafunzi, kidogo kidogo, kila neno na ugoro wake. Kwamba kila ukisimama, dondosha jivu kidogo uone upepo unakokwenda, usije ukajipeleka mwenyewe kwa mnyama kabla hujafika. Kwamba ukiwekwa mahali, hapo ndipo kwako. Usiondoke mpaka aliyekuweka aje kukuchukua, hata kama unaumwa na siafu. Na neno la mwisho alilisema wamesimama, akamshika bega ili asikie vizuri.

"Usiachie mshale kwa kitu ambacho hujakiona bega. Majani yakitikisika, huyo si mnyama. Rangi ukiiona, huyo si mnyama. Uone bega, ndipo uachie."

Fundi akaitikia, kama sisi tunavyoitikia hapa, amina, amina, na mawazo yetu yako kwenye nyama.

Hawakwenda mbali. Kwenye ukingo wa kijito majani marefu yalitikisika mbele yao. Shemeji akapiga goti, akavuta upinde. Kati ya majani kulionekana kitu chekundu-chekundu, kikatulia, kikasogea tena. Shemeji akangoja. Kitu kikasogea. Shemeji akangoja. Halafu, mbele ya macho ya mwenzake, akalegeza kamba taratibu na kuushusha upinde. Na hapo hapo kulungu dume akaruka kutoka kwenye majani, mnene, pembe zake zimejipinda vizuri kabisa, akapita na kwenda zake.

Fundi aliumia mpaka machozi yakamlenga. Akaona jina la mtoto wake linakimbia na yule kulungu.

"Shemeji," alisema, "ningekuwa mimi ningeachia."

"Najua," shemeji akajibu, na safari hii alijibu upesi. "Ndiyo maana mishale yako sikuipaka sumu."

Maana mishale ya shemeji ilipakwa sumu ya mti, ile inayochemshwa mpaka inakuwa nzito na nyeusi. Ikikuingia hakuna dawa, na hakuna kufika nyumbani. Ya fundi ilikuwa chuma kitupu.

Neno lile lilimchoma. Shemeji alimweka kwenye kisiki kilichotazama njia ya wanyama, akamkumbusha asiondoke, naye akaenda kujificha nyuma ya kichuguu, huko mbele kijito kinapojikunja. Fundi akakaa. Jua likapanda. Inzi wakamjia kwa ajili ya lile koti. Mnyama hakuna. Na moyoni, ndugu zangu, alianza kuhubiri. Mnayajua mahubiri ya moyoni, hayana mwisho wala sadaka. Alisema, huyu mtu amezeeka mikono. Alisema, huyu ni mwoga, jina alilonalo ni la zamani. Mwishowe akasema lile baya zaidi: huyu hataki nipate. Amemwachia yule dume makusudi, apate yeye kulisema jina la mwanangu. Na mimi amenitupa hapa kwenye kisiki, mahali pazuri amekwenda kukaa mwenyewe.

Mnaona mtu anavyofika mbali akiwa amekaa?

Basi akaondoka. Aliona nyayo mbichi zinaelekea kwenye kunjo la kijito, akasema atazifuata kimya kimya, ampige kulungu wake mbele ya pua ya shemeji, wamalize maneno. Akaingia kwenye majani marefu kwa magoti na mikono, upinde ameulaza mgongoni. Na kwa kweli alijitahidi. Alikwenda kidogo, akatulia. Akainamisha kichwa akachunguza unyayo, akaenda tena. Akadondosha jivu, akaona upepo unamtoka mgongoni kwenda mbele, hakujali. Alikuwa ameyashika mafunzo yote isipokuwa yale yaliyokuwa na maana siku ile. Alipofika mahali majani yalipopungua, magoti yakamuuma, akainuka ajinyooshe.

Akamwona shemeji.

Alikuwa amepiga goti kando ya kichuguu, umbali ambao mtoto angerusha jiwe likafika. Upinde ulikuwa umevutwa mpaka mwisho. Ncha nyeusi ya mshale ilikuwa inamtazama fundi kifuani, na ile mikono mizito, mikono ambayo fundi alikuwa ameisema vibaya asubuhi nzima, ilikuwa inatetemeka kwa kushikilia.

Shemeji akalegeza kamba, polepole kuliko asubuhi. Akauchomoa mshale akaulaza chini mbali naye. Halafu akakaa kitako kwenye vumbi, jitu zima lile, akafunika uso. Fundi naye akakaa pale pale alipokuwa. Alijishika kifua. Kilikuwa kizima. Akajishika tena, maana hakuamini. Furaha ilimjia kwanza kama baridi, akatetemeka, halafu ikamjia yenyewe, akaanza kucheka na kulia pamoja, na hakuona haya.

Akauliza, kwa sauti ndogo, alikuwa akimlenga tangu lini.

"Tangu ulipoingia," shemeji alisema. "Niliona majani. Nikaona rangi. Upepo ukaniletea harufu. Ulikwenda kama yeye, ukasimama kama yeye, ukainama kama yeye. Kila kitu kilikuwa kulungu, shemeji yangu. Bega tu sikuliona."

Fundi angesema nini? Angesema ningekuwa mimi? Alijua vizuri angekuwa yeye ingekuwaje. Upande mmoja wa majani angekuwa yeye na haraka zake, na upande wa pili angekuwa yeye amelala.

Shemeji hakumgombeza. Alimjia, akamsaidia kuvua lile koti, akalisuuza kijitoni mwenyewe, na wakarudi nyumbani mikono mitupu. Safari hii fundi hakumhimiza shemeji yake kutembea. Kila walipopumzika alipumzika naye, na ule ugoro aliuona una harufu nzuri.

Watu waliwapokea uani. Wanawake walikuwa wameshabandika sufuria kwa matumaini, na mama mkwe akasimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni, akauliza wameleta nini. Fundi akatazama chini. Shemeji akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Nimemleta baba wa mtoto."

Uani wakacheka wote, wakajua ni utani wa mashemeji kama kawaida. Wawili tu hawakucheka. Siku ya mtoto ilipofika, jina alilitamka mjomba, kwa sauti yake nzito, kama desturi inavyotaka. Na baba? Alikaa kwenye mkeka akasikiliza bila kinyongo hata kidogo. Jina limetamkwa na mjomba, lakini baba wa kuliitia yupo. Jioni alimwita binti yake kwa jina hilo mara nyingi sana, mpaka mkewe akamwambia amwache mtoto alale.

Haya, ndugu zangu. Sasa tuyaache ya porini, tuje humu ndani.

Sisi tuna malalamiko juu ya Mungu, na tusifichane, kubwa kuliko yote ni kwamba anachelewa. Yupo jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, na mahindi yake ndiyo yamestawi. Yupo wifi mwenye mdomo, kila mwaka anazidi kunawiri. Yupo aliyekuvunjia ndoa, na juzi umemwona sokoni anacheka. Tunapiga magoti usiku, na tukitafsiri maombi yetu kwa lugha nyepesi tunasema hivi: Bwana, majani yanatikisika, unangoja nini? Achia. Na akishusha upinde tunaumia. Tunasema, siku hizi Mungu hana mikono. Wengine mmefika mbali zaidi, mmesema hanipendi, anawapenda wao.

Nami nawauliza, na kila mtu ajijibu kimoyomoyo, asimtazame wa pembeni yake. Ule mwaka wako, unaujua mwenyewe, ulipokuwa unatembea kwa magoti na mikono mahali ulipokatazwa kufika, ulikuwa na rangi gani? Ulikuwa unanuka nini? Mama, siku ile ulipotoka nyumba ile na hakuna aliyekuona, malaika akikutazama kutoka juu angesema huyu ni mtoto wa Mungu, au angesema huyu ni windo? Baba, zile siku za chupa, na fimbo ulizompiga mwenzako, nani angekutetea? Kila kitu kilikuwa dhidi yetu. Mtu mwepesi angeachia, na angekuwa na haki.

Lakini tumekaa hapa. Jiguseni kifua, nawaomba, kila mtu ajiguse. Kizima? Kinapiga? Basi kuna mikono ilivuta upinde, ikatetemeka, ikashikilia, kwa sababu chini ya rangi ile na harufu ile ilikuwa inangoja kuona mtu akiinuka. Uchelewaji tunaoulalamikia ndio huu tunaoishi nao. Kama Mungu angekuwa mwepesi kama tunavyomwomba, ibada ya leo angeisali nani? Hata huyu anayewahubiria asingekuwepo.

Kwa hiyo leo tupumue, ndugu zangu. Tufurahi bila haya, kama yule fundi pale kwenye majani. Na ukifika nyumbani, na jirani yako yupo pale kwenye mpaka na jembe lake, simama kidogo umtazame. Rangi yake umeiona, harufu yake unaijua miaka mingi. Lakini huyo mtu hajainuka bado, na Mungu anamngoja. Usimsukume Mungu mkono.