Farasi Mfupi na Mtungi wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kwa miayo? Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Palikuwa na farasi jike, mfupi mno, hata mbuzi walimwita dada. Jina lake Bi Sarara. Bibi wa bibi yake alitoka Iberia, huko kwa Wareno na Wahispania, akavuka bahari merikebuni, kabanwa katikati ya mapipa. Farasi wakubwa waliugua njia nzima wakidai majani mabichi. Yeye akala kidogo, akanyamaza, akafika. Ndiyo maana uzao wake ukawa hivyo: kimo kidogo, kwato ngumu, rangi ya vumbi, na mstari mweusi toka shingoni hadi mkiani. Na mwendo wake! Ti-ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti, mgongo hautikisiki.

Mwaka huo jua likawaka bila haya. Maji yakabaki kwenye kidimbwi kimoja, na ndani yake kalala Kiboko. Mto ulikuwa mbali. Mtoto wa Bi Sarara alikuwa amelegea miguu, ulimi umekauka. Asipokunywa kwanza, angekufa njiani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Ondoka."

"Mwanangu anywe funda moja tu, bwana."

"Maji yangu! Pua yangu imo, masikio yangu yamo, tumbo langu limo. Mwanao ataingia wapi?"

Tembo aliomba, akanyimwa. Pundamilia aliomba, akanyimwa. Wote walisimama ukingoni wakilamba midomo, na mabavu yao yote.

Bi Sarara akacheka, ingawa moyoni alikuwa na hofu. "Kweli wewe ni mkubwa. Lakini huwezi kubeba maji mgongoni mpaka kwenye kichuguu kile bila kumwaga. Hiyo ni kazi ya waungwana wa Iberia."

Nyani mmoja pale ukingoni akateka maji kwa bakuli, Kiboko akiyakodolea macho, akamtwika. Ti-ti-ti-ti akaenda, ti-ti-ti-ti akarudi. Hata tone halikumwagika.

Wivu ukamchoma Kiboko. "Bakuli! Mimi, na mwili huu? Nileteeni mtungi!"

"Mtungi ni mzito, bwana."

"Mkubwa kuliko yote!"

"Sawa. Ila mwungwana hageuki nyuma. Akigeuka yanamwagika, na watu watacheka."

Kiboko akatoka majini, bwata! Wakamtwika mtungi umejaa maji ya kidimbwi. Akaenda puku-puku, maji chwa! Puku-puku, chwa! Nyuma yake mtoto wa farasi akatumbukiza mdomo: fyonz, fyonz.

"Nani anakunywa maji yangu?"

"Hakuna, bwana. Ni mtungi wako unacheza. Usigeuke!"

"Sigeuki!"

Puku-puku, chwa! Pundamilia naye: fyonz, fyonz.

"Nani anakunywa maji yangu?"

"Mtungi, bwana. Usigeuke!"

"Mwungwana hageuki!"

Puku-puku, chwa! Tembo akashusha mkonga: fyooooonz!

Kiboko akafika kichuguuni, ngozi imeungua, mtungi ukaporomoka, pwaa! Ndipo akageuka. Kidimbwi hakipo, tope tupu.

"Maji yangu yako wapi?"

"Si uliyabeba mwenyewe?" akasema Bi Sarara. "Wote tumekuona na mtungi."

"Tumekuona," wakaitika wanyama, midomo ikidondoka maji.

Kiboko akafikiri, akafikiri tena. Akatazama vigae, akatazama ardhi iliyolowa. Kisha akainamisha kichwa, akawaomba radhi wote kwa kuwamalizia maji. Bi Sarara akamsamehe. Tembo alisita kidogo, lakini naye akamsamehe. Halafu mama na mwanawe wakashika njia ya mtoni, ti-ti-ti-ti, mtoto akitangulia.

Fundisho ni hili, wanangu: mali ya wote mpeni mwenye tumbo kubwa awatunzie, kwani mwili ndio akili. Na mfupi asiseme mbele za watu.

Ngano yangu imefika mlangoni. Mwepesi aifungulie, mvivu alale nayo.