Nungunungu na Mashine Iliyokula Chupa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nyinyi wa nyuma mmelala? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, si kale sana, maana mashine zilikuwepo, palikuwa na shule ya wanyama. Uwanja wake ulijaa chupa za plastiki. Ukitembea, kwaru. Ukikaa, kwaru.

Mwalimu Mkuu Tandala akaleta mashine ya kula chupa tupu. Unaitia chupa mdomoni, mashine inaipuliza, fuuu! Ikiwa nzima inaimeza, gulu! Ikiwa imetoboka inaitema, ptu! Ukishailisha kilo moja, inakutolea daftari jipya.

Daftari ndilo alilolitaka Nungunungu. Mama yake hakuwa na uwezo, basi mtoto aliandika masomo kwenye majani ya mgomba. Jumatatu anaandika, Jumatano jani limekauka, somo limepukutika. Na mtihani ulikuwa Ijumaa, na sheria ilisema asiye na daftari hafanyi mtihani.

Nungunungu akaokota chupa. Akazibebaje? Kwa desturi ya kwao: alijiviringisha juu yake, zikachomeka kwenye miiba. Akafika kwenye mashine. Fuuu, ptu! Ya pili, fuuu, ptu! Zote zimetoboka. Akajaribu kuzibeba kwa meno. Meno nayo yakatoboa. Ptu!

Wanafunzi wakacheka. Nguchiro akacheka kuliko wote.

"Dada, wewe umepewa sindano ukashone nguo. Chupa tuachie sisi."

Maneno hayo yalimuuma sana Nungunungu. Alikwenda nyuma ya darasa, akalia.

Sasa huyo Nguchiro alikuwa na akili ya kuchezea wenzake. Aligundua kwamba mashine inatafuta tundu na kupima uzito tu, ndani haioni. Akajaza mchanga chupani, akakaza kizibo. Fuuu, gulu! Chupa mbili, daftari. Chupa mbili, daftari. Wenzake wakamwiga. Mchanga, gulu, mchanga, gulu. Alhamisi asubuhi mashine ikakohoa, kho, kho, krrr. Ikanyamaza.

Mwalimu Tandala akaifungua tumbo. Mchanga ukammwagikia mpaka magotini. Alikasirika, na haki alikuwa nayo.

"Nani ametia mchanga?"

Mkono mmoja ukanyooka upesi.

"Ni Nungunungu, Mwalimu," akasema Nguchiro. "Ndiye mwenye kinyongo na mashine."

Uwanja mzima ukamgeukia. Nungunungu akasogea mbele, akasema:

"Shikamoo, Mwalimu. Chupa zangu zote zimetoboka. Mchanga ungekaa wapi?"

Tandala akafikiri. Akachukua chupa mkononi mwa Nguchiro.

"Mwanangu, hebu nitobolee hii."

Nungunungu akageuza mgongo. Chwi! Mchanga, chururu, ukamwagikia miguu ya Nguchiro. Wote wakamtazama. Yeye akatazama mawingu, eti anangoja mvua. Njia ya mwongo ni fupi, jamani.

Nguchiro akasafisha tumbo la mashine kwa mikono yake, punje kwa punje. Tandala naye akauzima ule mpulizo.

"Kuanzia leo," akasema, "chupa ambayo Nungunungu hajaitoboa haimezwi."

Wakapanga foleni, na waliocheka wakiwemo. "Dada, naomba unitobolee." Chwi, gulu! Chwi, gulu! Lakini za kwanza zilikuwa zake mwenyewe. Gulu, gulu, gulu, na daftari likadondoka. Alilikumbatia, akalinusa. Alifurahi mpaka miiba yote ikasimama, wenzake wakarudi nyuma hatua tatu.

Jioni ile akanakili majani yote yaliyokuwa hayajakauka. Ijumaa akafanya mtihani, akawa wa kwanza. Nguchiro akawa wa mwisho. Madaftari alikuwa nayo tisa, na yote tisa hayakuwa na neno.

Basi wadogo kwa wakubwa, sikieni: usimcheke mwenzako kwa alivyoumbwa, maana unachokicheka ndicho utakachokiombea msaada. Na mali ya ujanja haikufundishi kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo, imekaa kitako, na mimi nipeni maji ninywe.