Vikapu vya Maua vya Chura Mwamvua

Paukwa!

Pakawa...

Aa, mbona mmeitikia kichovu hivyo? Mkitaka kulala semeni, hadithi nitamsimulia paka. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo kale maji yapo, na wa kuyakalia yupo.

Aliyeyakalia ni Kiboko. Kiangazi kilikuwa kikali, mabwawa yote yakakauka, likabaki moja. Kiboko akajitosa humo, chubwi! Akalijaza lote.

Vyura wakaja. "Hodi, Bwana Kiboko. Tupe nafasi kidogo."

"Hakuna nafasi! Maji yangu!"

Chura mmoja, Mwamvua, alikuwa na mama mzee. Ngozi ya mama ilishaanza kukauka. Asipopata unyevu, atakufa. Mwamvua akalia, akafuta machozi, akasema, "Huyu Kiboko nitamweza." Jamani, na kenyewe kadogo kama kifuniko cha chupa!

Akasuka vikapu vya ukindu. Ndani akatandika majani makavu ya mgomba, akatia udongo na samadi, akapanda maua. Akavitundika mtini juu ya bwawa. Katika udongo akamfukia mama yake, pua tu nje, na vyura wenzake vivyo hivyo.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unatundika nini juu ya kichwa changu?"

"Viazi vitamu. Viko chini ya hayo maua, ila bado vidogo kama kunde."

Kiboko mate yakamtoka. "Vitakua lini?"

"Vikishiba maji. Hebu sukuma kikapu kwa pua. Kizito?"

"Chepesi."

"Basi vina kiu. Laiti ningekuwa na mdomo kama wako!"

Kiboko akavuta maji, fyooo! Akayarusha, pwaaa! Vikapu vikalowa, vikadondosha, ti! ti! ti! Mama yake Mwamvua akafumba macho kwa raha. Kiboko akasukuma. Kizito!

"Vimenona!"

"Vimenona, lakini bado."

Jua likapanda. Na kikapu cha kutundika hukauka upesi, mwenye nacho anajua. Kiboko akasukuma. Chepesi!

"Vimekonda!"

"Kiu hiyo. Ongeza."

Fyooo! Pwaaa! Ti! ti! ti!

Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo jioni. Mwamvua yeye kazi yake kunyofoa maua yaliyonyauka, chopo! ili yachanue mengine, na kumsifu Kiboko. Bwawa likashuka. Likamfika Kiboko kifuani, likamfika magotini, hata pua yake haikufikia tena vikapu. Akawa anauliza tu.

"Vyepesi?"

"Vyepesi, Bwana."

Fyooo! Pwaaa!

Siku moja akavuta, fyoo, akapata tope tupu.

"Mwamvua! Maji yamekwisha!"

"Pole sana, Bwana. Na viazi vilikuwa karibu kweli!"

Hapo ndipo Kiboko alipoelewa. Hasira zikampanda, akaruka avivunje vikapu. Wapi! Vilikuwa juu mno. Akaondoka akiburura tumbo, kutafuta mto wa mbali.

Udongo haujakauka, mvua ikanyesha. Bwawa likajaa. Mama yake Mwamvua akaruka kutoka kikapuni, chubwi!

Basi wanangu, funzo ni hili: msidanganye. Mwamvua alidanganya, na adhabu yake mmeiona: kapewa bwawa zima, na maua juu. Muwe kama Kiboko, msikilizeni kila anayewasifu mdomo.

Hadithi yangu naitundika hapa. Anayeitaka aimwagilie.