Ufunguo Mmoja, Mikono Mitatu

Sogeeni basi. Mwenye choroko zake achambue, mwenye mtoto amnyonyeshe, mikono yenu sina haja nayo. Nipeni masikio, na mwishoni mtanipa na vinywa, maana jambo hili halijapata mwamuzi mpaka leo.

Palikuwa na wanawake watatu nyumba moja, Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Kila mmoja Mungu kampa chake.

Mishi, kifungua mimba, kapewa ulimi. Akitoa pole msibani, hata aliyekuja kwa ajili ya pilau analia. Akianza hadithi mlangoni, maji ya chai yanakauka jikoni na hakuna anayenyanyuka.

Riziki, kitinda mimba, kapewa sikio. Ukimuuliza jambo leo, atakujibu kesho kutwa. Lakini kandambili zikipita uani, anakwambia anayepita ni nani na njiani kagombana na nani.

Hidaya, mke wa Athumani, ndugu yao wa kati, katoka Kondoa. Huyu kapewa miguu, na uso wa kuingilia kwa watu. Nyumba ambayo wewe jirani yake wa miaka kumi hujavuka kizingiti, yeye siku ya tatu yuko jikoni anamenya vitunguu.

Na juu ya wote watatu, Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, mama wa Mishi, Athumani na Riziki. Kazi yake singo, ile ya kumsugua bibi harusi mpaka ang'ae: liwa, waridi kavu, manjano, karafuu kidogo, na vingine visivyosemwa. Vipimo vyake vimo ndani ya kibweta cha mbao, na ufunguo wa kibweta uko shingoni mwake, hauvuliwi hata akioga.

Kibweta hicho hufunguliwa mbele ya mwanamke mmoja tu. Kuna sababu. Mama yake Bi Mwanakombo aliwahi kukifungua mbele ya mabinti wawili, Mwanakombo na dadake Mtumwa. Alipofariki, huyu akasema karafuu ni punje saba, yule akasema tisa. Wateja wakagawanyika, watu wakabeba maneno huku na kule, na ndugu wa tumbo moja wakakaa miaka kumi na tisa hawapeani salamu, mpaka Mtumwa akaingia kaburini. Siku ya maziko Bi Mwanakombo akaapa, kwake yeye ni mkono mmoja tu. Asigawe, asionyeshe wawili.

Sasa. Biashara ikaanza kufa. Maduka yakajaa vichupa vyenye picha ya mzungu anacheka, na mabibi harusi wakafuata hiyo picha. Siku moja Riziki akafungua kinywa, wote wakageuka kumtazama.

"Mama, tufanye podikasti."

"Podi nini?"

"Kama redio, lakini yetu. Mtu anaisikiliza kwenye simu saa anayotaka, huku anapika."

"Na mie nitaonekana?"

"Huonekani, mama. Unasikika tu."

Bi Mwanakombo akashusha pumzi. Kuna jambo lake hakuna aliyelijua. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Miezi sasa anaona vivuli tu, na makopo yake anayajua kwa mahali yalipokaa juu ya rafu: la kwanza liwa, la pili manjano, la mwisho mdalasini wa chai. Kusikika bila kuonekana, hilo likampendeza.

Wakaanza. Kipindi cha kwanza Mishi aliongea saa nzima, singo yetu nzuri, singo yetu safi, njooni mnunue. Wakasikiliza watu kumi na mmoja, tisa wao ni ndugu.

"Wifi," Hidaya akamwambia, "unauza mno. Nani anakaa kusikiliza tangazo saa nzima? Kwani unaongea na nani?"

"Na watu!"

"Watu gani? Ongea na mmoja. Ongea na bibi harusi aliyefiwa na mama yake, hana wa kumwambia chochote."

Mishi akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaongea na huyo mmoja, na mji mzima ukasikiliza. Riziki akaacha sauti ya kinu nyuma ya maneno, du, du, du, mama akitwanga kwelikweli, na watu wakaipenda hiyo du du kuliko kitu chochote. Hidaya akapita saluni kwa saluni, shughuli kwa shughuli, kipindi anakiweka mwenyewe kwenye simu za watu, na maswali yao anarudi nayo Mishi ayajibu. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri, mvua inyeshe, jua liwake, kipindi kipo. Mwaka haujaisha, singo ya Bi Mwanakombo inaombwa Mombasa na Dodoma.

Basi wangeishia hapo ningewaambia mwende mkalale. Lakini Jumatatu moja simu ya Mishi ikalia, ikalia tena, ikawa hainyamazi. Sauti ya mwanamke inazunguka kwenye magrupu yote ya harusi:

"Mie ni shangazi wa bibi harusi, niko Muheza. Mwenetu kapakwa singo ya huyo Bi Mwanakombo, uso umevimba mwekundu kama kaungua! Ijumaa ndiyo nikaha! Jamani, msinunue! Wanajua kuongea tu hao!"

Nyumba ikapoa. Jioni hiyo hiyo, waliokuwa wameagiza wakaanza kukataa mmoja baada ya mwingine.

"Kala pweza huyo," Mishi akasema. "Alhamisi nitasema, kala pweza kamdhuru, na shangazi mtu ana husuda."

"Umemwona akila?" Hidaya akauliza.

"We mtu wa kuja, nyamaza!"

"Mikono yangu haijakosea miaka arobaini," Bi Mwanakombo akasema. Sauti ilikuwa kali, lakini kidole chake kilikuwa kinasugua ule ufunguo shingoni, kinasugua, kinasugua.

Hakuna aliyekula siku ile.

Riziki akachukua simu yake na vile vidude vya masikioni, akajifungia. Vipindi vyote alikuwa navyo, na kila kipindi mama anatwanga nyuma. Akasikiliza kimoja, akarudia. Cha pili, akarudia. Jumanne asubuhi akamfuata mama yake peke yake, akakaa chini, akamwekea kidogo tu cha kipindi cha Alhamisi iliyopita.

Du, du, du. Mama anavuta mafua. Halafu: kwii.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia nini?"

"Kifuniko. Kopo la mdalasini ndilo linalolia. La liwa halilii." Riziki akaizima ile sauti. "Na ulikuwa na mafua, pua imeziba. Hukunusa."

Bi Mwanakombo akainuka, akaenda kwenye rafu, akapapasa. La kwanza akalifungua. Kwii. Mdalasini. Mahali pa liwa! Mtu kayapanga upya makopo yake.

"Ni mie, mama," Hidaya akasema kutoka mlangoni. Ufagio ulimwanguka mkononi. "Nilipangusa rafu. Nikayarudisha kwa ukubwa, yapendeze. Sikujua kama hu... Sikujua."

Hapo ndipo neno likaingia ndani ya nyumba, na hakuna aliyelitamka. Haoni.

"Akijua mtu," Bi Mwanakombo akasema polepole, "akijua mtu mmoja tu nje ya nyumba hii, singo yangu imekwisha. Nani atamtia mwanawe mikononi mwa kipofu?"

Hidaya akajitanda khanga, akaenda kupanda gari la Muheza.

Nyumba ya harusi aliijua kwa wingi wa viatu mlangoni. Hakupita mbele. Akazunguka uani, akawakuta wanawake wanachagua mchele, akavuta ungo, akakaa, akachagua. Shangazi mtu akatokea, mwanamke wa kifua, kiuno kimefungwa kibwebwe.

"Na wewe nani?"

"Mie natoka kwa Bi Mwanakombo. Nimekuja kutukanwa."

Nyungo zote zikasimama. Shangazi akamtukana, wallahi, mpaka akakaukiwa. Akamtajia Kondoa yake iliyomo kwenye lafudhi, ukoo wake, mpaka na pua yake. Hidaya anachagua mchele. Shangazi alipoomba maji, Hidaya ndiye aliyemletea.

"Aliyepanga makopo vibaya ni mimi," akasema. "Mdalasini uliingia pahala pa liwa. Naomba nimpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Ukinifukuza nitaondoka, lakini kwanza apate dawa."

Alasiri wakatoka hospitali, bibi harusi, jina lake Salha, na dawa yake ya kupaka. Daktari kasema uso utarudi, ila si kwa Ijumaa. Nikaha ikasogezwa wiki mbili. Njiani yule binti, aliyekuwa hajasema neno, akasema:

"Mie nilikuwa nasikiliza kila Alhamisi. Sina mama. Nilidhani dada yule anaongea na mie."

Hidaya akamshika mkono. "Alhamisi hii utaongea wewe naye?"

"Akisema ukweli. Akianza kujikosha, nakata simu."

Alhamisi ikafika. Adhuhuri ikapita. Salha yuko kwenye simu, Riziki kashika maiki, kidole juu kutoa ishara ya kuanza. Watu wanangoja kuliko siku yoyote, wengine wanangoja ili wacheke. Mishi kakaa mbele ya maiki, na ulimi ule, jamani, ulimi ule umeganda.

Maana afanyeje? Akisema pweza, kamdhulumu yatima. Akisema ukweli wote, kamvua mama yake nguo mbele ya watu. Bi Mwanakombo yuko nyuma ya pazia, kinu mbele yake, hatwangi. Anasikia Mishi anapumua.

"Leo," Mishi akasema, "hamtasikia kinu."

Akaisogelea maiki.

"Salha, mwanangu, mdalasini wa chai uliingia kwenye singo yako. Nakwambia nilivyoona mimi. Siku ile niliona mkono ulionitwangia unapapasa. Nikaona. Nikasema, mama, fanya haraka, watu wanasubiri kipindi. Nilikuwa napenda kusikilizwa kuliko nilivyokupenda wewe. Mwenye singo ya mwezi huu asipake, airudishe. Na mwenye kutukana, jina langu Mishi, asilikosee."

Kwenye simu yule binti analia kidogokidogo.

Bi Mwanakombo akasikia pazia limesogea, kumbe mkono ulioshika pazia ni wake. Akaenda kwa kupapasa mpaka akaigusa meza.

"Ni mie," akasema, karibu sana na maiki. "Mie Mwanakombo. Macho yangu hayaoni tangu mwaka jana, na nimewaficha wanangu na nyinyi. Nisamehe, Salha."

Mnajua kilichofuata? Vichupa vya mwezi ule vikarudi vyote, hakikubaki kimoja. Wakavimwaga. Wiki ya pili hawakuuza kitu. Wiki ya tatu simu zikaanza tena, na wa kwanza ni shangazi mtu wa Muheza: "Nina binti mwengine, ana harusi. Nataka singo. Ila atie vipimo anayeona!"

Na hapo sasa ndipo penye kazi. Anayeona ni nani?

Jumapili baada ya alasiri Bi Mwanakombo akatandika mkeka, akaweka kibweta katikati, akawaita watatu.

"Mie ndiye niliyeirudisha sauti yetu," Mishi akasema. "Bila mie kusema vile, mama, ungetoka nyuma ya pazia? Na mie ndiye mkubwa."

"Ukubwa wa kusema pweza," Riziki akasema. Wote wakashtuka. "Nani aliyejua ni mdalasini? Mngeomba radhi ya kitu gani? Na podikasti nani aliileta nyumba hii? Mie."

"Na ulimsikia mama anapapasa mwaka mzima, wewe mwenye masikio," Mishi akamrudishia. "Ukakaa nayo moyoni."

Riziki akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

"Mie si mtoto wa tumbo," Hidaya akasema. "Najua. Na rafu nilipanga mie. Lakini Salha asingeshika simu ile, mngeongea na nani? Mie ndiye niliyetukanwa, mie ndiye niliyemleta."

"Kibweta hakitoki kwenda kwa mtu wa kuja!"

"Wifi, singo yenu yote iliyofika nje ya barabara ya kumi na mbili, imepita kwenye miguu ya huyo mtu wa kuja."

"Tufungue wote watatu," Riziki akasema kwa sauti ndogo.

"Toba!" Bi Mwanakombo akapiga mkeka. "Nimemzika dada yangu sijamsalimia miaka kumi na tisa. Mnataka na nyinyi?"

Nje muuza kahawa alikuwa anapita anagonganisha vikombe. Bi Mwanakombo akapandisha mikono shingoni, akavua ule ufunguo kwa mara ya kwanza tangu alipouvaa siku ya maziko ya mama yake. Shingo yake ikaonekana ina alama ya kamba.

"Nyoosheni mikono."

Wakanyoosha. Mikono mitatu, viganja juu. Yeye anaona vivuli vitatu tu, havina sura. Hajui upi wa nani.

"Mtu aseme, mkono wangu ni huu," akasema.

Mwenye ulimi hakusema. Mwenye sikio akasikia mama yake anapumua kwa shida, naye hakusema. Mwenye miguu, mguu haukumsogea. Kila mmoja anajua, akisema tu, kesho wenzake wawili hawatamsalimia.

Ufunguo uko hewani. Mkono wa Bi Mwanakombo unachoka, unashuka kidogo kidogo.

Haya. Vinywa vyenu sasa. Wewe uliyekaa mlangoni kimya, anza wewe: ungekuwa ndiye mwenye ule ufunguo, ungeuweka kwenye kiganja cha nani, na wale wawili waliobaki ungewaambia neno gani?