Nani Alimtoa Mwantumu?

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo kazi ya kumaliza hadithi ni yenu.

Tabora palikuwa na watu watatu waliosifiwa kwa harusi. Somo Bi Nunu alijua kumtuliza mwari hata awe analia vipi. Fundi Seif akikaa kwenye cherehani, hata gunia liligeuka vazi. Na Bakuza, mpiga picha, alikutazama mara moja tu akajua upande gani wa uso wako unapendeza.

Mwantumu aliwahitaji wote. Baba yake, Mzee Kitwana, alikuwa amelazwa Mwanza kwa kiharusi, na tangu augue hakuwa ametamka neno. Siku ya harusi ilikwisha pangwa, ndugu walikwisha fika. Mzee angeiona harusi ya binti yake kwenye picha tu. Basi Mwantumu hakuomba keki ya ghorofa wala magari. Aliomba picha nzuri, na roho ilimuuma kila alipofikiria kwamba zitaharibika.

Asubuhi ya harusi akajifungia chumbani, macho yamevimba kwa kilio. "Sitoki!" akasema. Bi Nunu akabembeleza mlangoni mpaka akafunguliwa. Akamlaza, akamwekea majani ya chai yaliyopoa juu ya kope, akamfukiza mikono kwa moshi wa karafuu, maana mwari alikuwa amenawa hina mapema ikapauka. "Mwanangu, leo humlilii baba yako. Leo unamwendea," akamwambia. Uvimbe ukashuka, hina ikakolea, na Mwantumu akainuka mwenyewe.

Gauni likaletwa, likampwaya! Mawazo yalikuwa yamemkondesha. Fundi Seif hakubandika pini kama ambavyo wengine wangefanya. Alifumua mishono yote ya ubavuni akashona upya, huku mashangazi wakimpigia kelele kwamba muda umekwisha. Lilipomkaa, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Hata mimi ningekuwapo ningepiga.

Bakuza naye alikuwa uani tangu alfajiri, akitundika mashuka ili kupunguza ukali wa jua. Mwantumu akaketi, uso umekaza. Kila akiambiwa acheke kidogo, alikenua tu. Bakuza akashusha kamera.

"Dada, achana na kucheka. Humu ndani yumo Baba. Mwamkie."

Mwantumu akaitazama kamera. "Shikamoo, Baba," akasema kwa sauti ndogo, na Bakuza akabofya hapo hapo.

Mwantumu akaipeleka picha Mwanza kwa mkono wake. Mzee Kitwana akapitisha kidole polepole: kwenye macho, kwenye gauni, kwenye midomo ile. Kisha, jamani, mzee akatamka.

"Marahaba."

Mwantumu akaangua kilio cha furaha. Mzee akapumua kidogo, akaongeza, "Aliyekutoa hivi... apewe redio yangu." Redio ambayo hata mkewe haruhusiwi kuigusa! Baada ya hapo akafumba macho, amechoka, lakini anatabasamu.

Mwantumu akarudi Tabora, akawaita wote watatu, akawaeleza. Hapo ndipo mtihani ulipoanza.

"Kumtoa mwari ni kazi ya somo," alisema Bi Nunu. "Bila mimi ungekuwa bado umejifungia."

"Mtu hutoka kwa nguo, Bi Nunu," alijibu Fundi Seif. "Lile gauni lilipomkaa, watu walisema nini? 'Mwantumu katoka!'"

Bakuza akacheka. "Kwenye picha anayekutoa ni mpiga picha. Muulizeni yeyote aliyewahi kutoka vibaya."

Wote wamesema kweli, na Mwantumu anawapenda wote. Kumuuliza baba tena hataki, kwa kuwa kila neno linamchosha. Na redio haikatwi vipande. Amesimama mbele yao ameikumbatia kifuani, anaogopa kuipeleka kusiko.

Haya, nyinyi mliokaa kimya hapo: Mzee Kitwana alimkusudia nani? Na wewe ungekuwa Mwantumu, ungeiweka redio mikononi mwa nani?