Jina la Mtoto wa Milembe

Anayetaka hadithi ya kulalia aende zake akalale. Hii naisimulia nikiwa na hasira, na mkiisha kuisikia nataka jibu, maana sisi wenyewe limetushinda.

Kijijini kwetu, kwenye misitu ya asali, kuna watu watatu wenye vipaji. Kalunde ni fundi umeme wa magari, na mikono yake haiogopi mtu wala kitu. Mihayo ana subira. Atapima jambo mpaka ukereke, kisha atalipima tena. Nyamizi ana masikio. Mzinga uko juu ya mti, yeye yuko chini, na atakwambia kama nyuki wamekasirika.

Tuna lori moja la ushirika. Ndilo linalotupeleka kambini kurina asali na ndilo linaloturudisha, na njia nzima simu hazishiki. Basi dereva, Mzee Kapela, akapewa redio ya upepo ili aweze kuongea na zahanati, nayo ina redio kama hiyo. Akaifunga mwenyewe kwa waya za kuokotaokota. Redio ikawa inakoroma tu.

Akaja Kalunde. Akang'oa zile waya zote, akavuta mpya kutoka kwenye betri moja kwa moja, akatia fyuzi. Kisha akashika msasa, akakwangua rangi pale antena inapofungwa, mpaka chuma kikang'aa. Kumbe Mzee Kapela alikuwa amelipaka lori rangi ya buluu juzi tu. Alipoona, alipiga kelele kuku wakakimbia.

"Wewe binti! Umelichubua gari langu!"

"Rangi haipitishi umeme, mzee. Antena isipogusa chuma kitupu ni fimbo tu. Unataka gari zuri au gari linaloongea?"

"Nataka yote mawili!"

"Basi katafute magari mawili."

Akaja Mihayo na mita yake ya kupimia mawimbi ya redio. Alisema antena isipokuwa na urefu wake sawasawa, nguvu ya redio haitoki. Inarudi nyuma na kuiunguza redio yenyewe. Akaamuru lori liondolewe karibu na mabati ya ghala, lipelekwe uwanjani, milango ifungwe, watu wakae mbali. Akapima. Akakata ncha ya antena kiasi cha punje ya mchele. Akapima tena, akakata tena. Watu wakaanza kumcheka.

"Bwana Mihayo, kata basi tukale!"

"Chuma hakioti kama kucha," akajibu bila kugeuka. "Nikikosea, mtakiotesha nyinyi?"

Akaendelea hivyo hivyo, punje kwa punje, mpaka sindano ya mita ikalala chini alikotaka.

Ikabaki mivumo. Redio ile ina kitufe cha kuzungusha ili mivumo inyamaze, na Mzee Kapela alikuwa akikizungusha mpaka mwisho apate amani yake. Nyamizi akamkatalia.

"Ukikibana hivyo, babu, unamnyamazisha na mtu aliye mbali."

"Kichwa kinaniuma!"

"Kikiuma, kifunge kitambaa."

Akapanda lori, akakaa na redio safari nzima. Kitufe alikilegeza mpaka pale mivumo inapoanza kusikika, akavumilia ule mchakacho masikioni kutwa, kwenda na kurudi.

Katika kurudi, Milembe, mrina asali mwenzetu, alikuwa ndani ya lori na mimba yake, anakwenda nyumbani kujifungua. Lori likazama topeni. Uchungu ukamshika hapo hapo, mtoto wa kike akazaliwa juu ya magunia. Kisha damu ikaanza kumtoka mama, na haikukoma. Nyamizi akabonyeza redio, akaita. Mivumo. Akaita tena. Ikaja sauti ya nesi, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, na wengine hawakuisikia kabisa.

"Anasema mkandeni tumbo, chini ya kitovu, kwa nguvu!" Nyamizi akapaza sauti. "Mtoto mwekeni kwenye ziwa! Msiache kukanda, trekta linakuja!"

Wakakanda, wakabadilishana mikono, Nyamizi naye akashika zamu yake, na damu ikapungua. Trekta lilipofika, mama na mwana walikuwa hai.

Alipopata nguvu, Milembe akasema mtoto ataitwa jina la yule aliyemfikishia ile sauti. Na kwetu somo si mchezo. Ukimpa mtoto jina lako, umekuwa mzazi wake wa pili, na mlango wa kwao ni mlango wako. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Bila waya zangu ile redio ni sanduku," akasema Kalunde. "Kuzaa sikujaliwa. Hata hili mnataka kuninyima?"

"Mke wangu alifia njia ileile," Mihayo akamkatiza. "Mlidhani nilikuwa nakata punje punje kwa ukaidi?"

"Nyote mlikuwa majumbani kwenu!" Nyamizi akalia kwa hasira. "Damu ilikuwa mikononi mwangu mimi!"

Mzee Kapela akashauri mtoto apewe majina yote matatu. Milembe akamtazama hivi.

"Nimezaa mtoto, mzee. Sikuzaa kikao."

Sasa sikieni walichofanya, watu wazima hawa! Kalunde alikuja na bisibisi akachomoa waya na fyuzi yake. Mihayo akafungua antena, akaenda nayo begani. Nyamizi akaapa kwamba mguu wake haukanyagi tena kwenye lile lori. Na kila mmoja anasema, lisipotajwa jina lake, harudishi kitu.

Mvua zimeanza. Kesho asubuhi lori linaingia msituni, bubu, na binti yangu yumo, naye ni mjamzito. Milembe amesema jina litatajwa kabla lori halijaondoka, lakini hata akichagua, mmoja atafurahi na wawili watabaki wamenuna na vyao mikononi. Nawachukia wote watatu, na kila mmoja akisema namwona ana haki. Hilo ndilo linalonitia wazimu.

Msiniambie "wote", Milembe amekwisha kataa. Msiniambie "hata mmoja asipewe", maana bila yeyote kati yao mtoto huyu angekuwa yatima. Je, ungekuwa wewe ndiye Milembe, umempakata mwanao, na wote watatu wamesimama mlangoni wanakutazama, ungemwita nani?