Jina la Mtoto wa Tiamiyu

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni nitauliza swali, na atakayenijibu "wote watatu" nitamwomba atoke nje akapunge upepo.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza alikuwa na jicho. Wa pili alikuwa na ulimi. Wa tatu alikuwa na mikono. Na alikuwepo wa nne, ambaye alikuwa na miguu tu, na huyo ndiye aliyepata umaarufu.

Huyo wa miguu aliitwa Tiamiyu Alabede, mtoto wa mjane muuza bagia za kunde mjini Ibadan, Nigeria. Alicheza kandanda ya kulipwa nchini Ubelgiji, kiungo mkabaji, wa kupokea mpira na kuurudisha kwa mabeki wake salama salimini. Hakuna aliyewahi kumwona akipiga pasi ya hatari. Makocha walimsifu kwa hilo. Waliliita utulivu.

Siku timu yake ilipotwaa kombe, mkewe akiwa mjamzito, aliwekewa kipaza sauti mdomoni. Akalia kidogo, kama wanasoka wanavyojua kulia wakiona kamera, akasema, "Kuna mtu mmoja aliyenifanya niwe hivi nilivyo. Mwenyewe anajijua. Huyo ndiye atakayempa jina mwanangu wa kwanza."

Jina la mtu huyo hakulitaja. Alijua kwamba wako watatu wanaomtazama, na alimwogopa kila mmoja wao. Basi akaupeleka mpira nyuma, kama kawaida yake, na kila mmoja wa wale watatu akautuliza kifuani.

Mwenye jicho alikuwa Kochi Kasali, aliyefundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji za Ibadan. Tiamiyu alikuwa winga wakati huo, mwenye mbio nyingi na mwelekeo mdogo, na wenzake walikuwa wakimcheka. Kasali peke yake aliona kitu. Aliona kwamba kabla mpira haujamfikia, kijana yule hutazama kushoto, kisha kulia. "Huyu anajua nani yuko wapi," alisema, akamtoa pembeni akamweka katikati. Bila hivyo, Tiamiyu angekuwa leo anakaanga bagia. Huo ni ukweli. Ni ukweli pia kwamba Kasali huyohuyo alimkalisha benchi msimu mzima ili acheze mtoto wa tajiri aliyewanunulia mipira. Jicho lake lilikuwa zuri, ila liliona vitu vingi kwa wakati mmoja.

Mwenye ulimi alikuwa Bosede, msusi wa Kinigeria mwenye saluni katika mji mmoja mdogo wa Ubelgiji. Tiamiyu alipopelekwa huko kufanya majaribio, alipewa chumba juu ya saluni hiyo. Kilikuwa chumba chenye joto la mashine na godoro nene, na asubuhi ya majaribio bwana mdogo alilala mpaka adhuhuri. Klabu ikamwambia akapande ndege arudi kwao. Bosede akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akaenda na kitana mkononi mpaka ofisini kwa mkurugenzi, akazungumza Kiflemi, lugha ya wenyeji, kilichonyooka mpaka mkurugenzi akatoa leso. Tiamiyu akapewa majaribio mengine, na akafaulu. Bila hivyo, angerudi nyumbani hata viatu havijaguswa. Huo ni ukweli. Alichokisema Bosede ndani ya ofisi ile hakikuwa ukweli hata kidogo, na tutakifikia.

Mwenye mikono alikuwa Lieven, Mbelgiji, mtaalamu wa viungo wa klabu hiyohiyo. Kano ya goti la Tiamiyu ilipokatika, daktari alisema basi, na viongozi wakaanza kuzungumza habari za kuvunja mkataba. Lieven hakubishana na mtu. Kila asubuhi kabla wengine hawajafika alimtia Tiamiyu bwawani, akalikanda goti, akalikunja, akalinyoosha, mpaka likakubali kukimbia. Bila hivyo, Tiamiyu angekuwa mtu wa kuchechemea na kusimulia. Na Lieven alilipiga goti lile picha katika kila hatua, akazionyesha kwa klabu kubwa zaidi, ikamwajiri. Siku ya kuondoka alilipapasa goti kwa heshima. Mwenye goti hakumuaga.

Mtoto akazaliwa Ibadan, wa kiume. Kwa desturi ya Waislamu wa huko, siku ya nane kondoo huchinjwa, na Alfa, ndivyo wanavyomwita shehe wao, humwambia mtoto jina lake sikioni na kumgusisha asali mdomoni. Jina likishaingia sikioni kwa namna hiyo, halitolewi. Mengine yanaweza kufuata, lakini lile la kwanza ndilo atakaloenda nalo shule, msikitini na kaburini.

Asubuhi hiyo mikeka ilikuwa imejaa. Kasali alifika na kanzu pana iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe. Bosede alifika na masanduku, kama anahamia. Lieven alifika amevaa kofia ya Kiyoruba aliyouziwa uwanja wa ndege, kaivaa kinyume, na hakuna aliyemwambia. Alfa akachovya kidole katika asali.

"Jina," akasema.

"Kasali," akasema Kasali.

"Adisa," akasema Bosede. "Jina la marehemu baba yangu."

"Lieven," akasema Lieven. "Ni fupi. Halisumbui."

"Yetu yanasumbua nini?" Bosede akamuuliza, na kuanzia hapo wakazungumza Kiingereza ili mgeni asikose neno.

"Mama wa saluni," Kasali akasema, "wewe ulimkuta mchezaji. Mimi nilimkuta anakimbia kama mbuzi aliyekata kamba."

"Ukamweka benchi."

"Nilikuwa namkomaza."

"Ulimkomaza sana, ndiyo maana alilala mpaka mchana. Nani alimwendea yule mkurugenzi? Nani alimliza mzungu mzima kwenye kiti chake?"

"Ulimlizaje?" ikauliza sauti kutoka upande wa masufuria. Alikuwa mjane muuza bagia, mama yake Tiamiyu.

Bosede, ambaye ulimi haukuwahi kumwangusha, akaanza kurekebisha kilemba chake.

"Aliwaambia kwamba mama yake Tiamiyu amefariki alfajiri ile," Lieven akaeleza kwa upole. "Ilitugusa sana pale klabuni. Tulileta maua." Kisha akamtazama yule mama. "Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu," akasema mama.

Kasali akacheka mpaka wanga ukapasuka kwapani. Bosede akasema lile lilikuwa neno la kuokoa, na kwamba kama marehemu angependa, angeweza kumshukuru. Lieven akasema hata hivyo uongo haukunyoosha goti. Kasali akasema goti halina kazi kwa winga asiye na macho. Mtoto akaanza kulia.

Ndipo Monsurat, mkewe Tiamiyu, akasimama na mtoto mkononi. "Baba wa mtoto," akasema, "ulisema ni mtu mmoja. Dunia nzima ilikusikia. Mtaje. Adhuhuri inaingia, Alfa anaondoka, na sitaki mwanangu alale leo akiitwa mtoto wa Tiamiyu."

Tiamiyu akatazama kushoto, kisha kulia, kama Kochi Kasali alivyomgundua. Alijua vizuri nani yuko wapi. Kisha akageuka nyuma.

"Mama," akasema, "wewe ndiye mkubwa hapa. Sema wewe."

Mama yake akafunika sufuria. "Mimi nilikufa Ubelgiji, mwanangu. Maiti hampi mtu jina. Mpira uko miguuni kwako, cheza."

Basi, wasikilizaji wangu, hapo ndipo walipo. Bila jicho, Tiamiyu bado angekuwa anakimbia pembeni akichekwa. Bila ulimi, angerudishwa kwa ndege iliyofuata. Bila mikono, angekuwa na goti la kusimulia. Kila mmoja alifanya jambo ambalo wenziwe wawili wasingeweza, kila mmoja alilichafua kidogo kwa namna yake, na kila mmoja ana haki ya kudhani kwamba maneno ya kwenye kamera yalimhusu yeye. Mtoto hana kosa lolote, na ndiye atakayebeba jibu maisha yake yote.

Alfa bado ameinua kidole, na asali inamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Lieven ameivua kofia yake, ameishika kifuani. Monsurat hajakaa.

Ungekuwa wewe ni Tiamiyu, ingawa sikutakii, ungemtaja nani?